Mjadala: Mama mtumwa aliyemuua mwanawe, tumhukumu au tumwache?

Ndugu zangu, kuna hoja imeletwa kwamba riwaya ya Beloved ya Toni Morrison, mwandishi Mmarekani mweusi, kuhusu Sethe, mama mtumwa aliyetoroka akamuua bintiye, haifai kufundishwa vijana wetu kwa kuwa inamtukuza mama muuaji. Mwenzetu aliyeileta ameisindikiza na methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, basi aliyemchinja mwanawe hakuujua. Wengine wamemjibu kwamba mtumwa hahukumiwi na sisi tuliozaliwa huru, yaishe. Mimi napingana na pande zote mbili, na hao wa pili napingana nao zaidi.

Riwaya hiyo ya 1987 ilichipuka kwenye tukio la kweli. Januari 1856 Margaret Garner, mjakazi wa Kentucky, jimbo la utumwa huko Marekani, alitoroka na mumewe Robert, wakwe zake na watoto wao wanne, wakavuka mto Ohio ulioganda barafu hadi Cincinnati, katika jimbo lisilo na utumwa. Maofisa na waliodai kummiliki walipoizingira nyumba waliyojificha, Margaret alishika kisu akamkata koo bintiye Mary, mtoto wa miaka 2 hivi. Alitaka kuwaua na wale wengine, akazuiwa.

Sasa tazameni mabishano ya kisheria yaliyofuata. Waliopinga utumwa ndio waliotaka ashtakiwe kwa mauaji! Waliomdai kuwa mali yao walitaka arudishwe tu, kwa sheria ya watumwa watoro ya 1850. Kumshtaki kungekuwa kukiri kwamba Mary alikuwa binadamu na mama yake ni mtu wa kujibu kwa alilotenda. Kumrudisha ni kusema kilichopotea pale ni mali ya bwana. Waliomdai wakashinda. Margaret alirudishwa Kentucky, akapelekwa kusini, akafa 1858 angali mtumwa.

Kwa hiyo nikisikia “tusimhukumu”, naona tunamnyima kile kile alichonyimwa. Hukumu ni haki ya mtu. Mimi nasema alitenda kosa, na nasema alikuwa mama hasa. Sioni kwa nini nilazimishwe kuchagua moja.

Nawe uliyeshika methali, kumbuka kwamba Virginia, koloni la Waingereza huko Marekani, iliamua tangu 1662 kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Uzazi ukawa faida ya mwenye shamba. Ndani ya riwaya, Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, alizaa watoto 8 akabakiwa na mmoja tu. Sethe naye, akiwa mjamzito, alikamatwa na vijana wawili wakamnyonya maziwa ya mwanawe kwa nguvu, huku mwalimu wao akitazama na kuandika. Baadaye anamsimulia Paul D, aliyekuwa mtumwa pamoja naye. Paul D anashtuka kwamba walimchapa na mimba yake, lakini Sethe harudi kwenye viboko, anarudi kwenye maziwa. Mara ya kwanza niliposoma ukurasa huo nilishindwa kuendelea. Huyo ndiye asiyeujua uchungu wa mwana?

Wala kitabu hakimtukuzi. Wanawe wa kiume wanakimbia nyumba, bintiye Denver anakua akimwogopa mama yake, majirani wanamtenga miaka na miaka, na binti aliyeuawa anarudi kumdai. Aliyesoma mpaka mwisho anayajua haya.

Najua mtanitajia Harriet Jacobs, mama mtumwa mwingine wa kweli, aliyemkimbia bwana wake akajificha karibu miaka 7 kwenye dari ya bibi yake huko Edenton, North Carolina, mahali asipoweza hata kusimama, akiwachungulia wanawe kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe, nao hawajui kama yupo. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1861, na ni ushujaa usio na kifani. Lakini Jacobs alikuwa na bibi aliyekwisha kuwa huru, mwenye nyumba yake mjini. Margaret alikuwa ugenini, na mlango unavunjwa.

Basi anayetaka riwaya iondolewe madarasani anieleze: saa ile, Margaret alibakiwa na njia gani ya kuwalea wanawe? Na mnaosema aliua kwa upendo tu, hivyo tunyamaze, nanyi nijibuni: Mary alikuwa na haki gani mbele ya mama yake?