Narudi kazini baada ya skizofrenia: nimwambie bosi ukweli wote?

Mtunza_stoo
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina miaka 29, nafanya kazi stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Miezi mitatu iliyopita nilikosa usingizi siku nyingi, kisha nikaanza kusikia watu wakinisema nyuma ya mabati hata stoo ikiwa tupu. Siku moja niliacha mlango wazi nikarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Hospitali wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili.

Sasa nameza dawa yake, olanzapini, kila usiku. Sauti zikija ni kama redio ya jirani, nazisikia lakini sizijibu. Daktari amesema tarehe 1 naweza kurudi. Mama huniwekea kidonge kwenye kifuniko cha chupa, anasimama pale mpaka nimeze. Nampenda sana, ila nikichelewa dukani dakika kumi anamtuma mdogo wangu anifuate. Dada anasema bado mapema.

Mpaka saa nne asubuhi kichwa ni kizito, na stoo inafunguliwa saa moja na nusu. Halafu wenzangu waliniona siku ile. Nifanyeje?

Mpambanaji_wa_Moro
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni mwaka wa sita na ugonjwa huu, na nafanya kazi. Kosa langu lilikuwa kuacha dozi kimyakimya nilipojiona nimepona. Haikupita miezi miwili nikarudi wodini. Kazini nilimweleza msimamizi mmoja tu ninayemwamini, nikampa namba ya kaka: ukiona nimeanza kujitenga, mpigie. Wengine wanatosha kuambiwa "niliumwa, naendelea vizuri."

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, uzito huo wa asubuhi ni dawa, si uvivu. Usipunguze kidonge mwenyewe. Mweleze daktari saa unayomeza na saa unayoamka; anaweza kukusogezea muda jioni au kurekebisha dozi. Wakupime uzito na sukari pia, dawa hiyo huongeza hamu ya kula. Zamu ya usiku usikubali, omba barua ya daktari. Kukesha kunaweza kuurudisha ugonjwa. Bangi usiiguse kabisa.

Haki_Kazini
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kwa hiyo bado hujazimaliza. Hakikisha vyeti vya daktari viko kwenye faili lako, na uombe kwa maandishi kuanza na nusu siku.

Dada_Mkubwa
Nimemuuguza mdogo wangu, namwelewa mama yako. Akimtuma mtu akufuate dukani, moyoni bado anakuona na vile viatu mkononi. Kaeni mkubaliane: vidonge avishike yeye kwa sasa, dukani uende peke yako. Kliniki mwende wote, daktari awaeleze dalili za ugonjwa kurudi. Wakizijua, hawatashtuka kila ukinyamaza.

Mtunza_stoo
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kliniki ni Alhamisi, mama na dada wanakuja. Barua ya nusu siku nimeshaiandika. Dada ameomba anisindikize siku ya kwanza. Nimemwambia sawa, mpaka kituo cha daladala.