Mtoto wa darasa la nne, kazi za nyumbani za hisabati na Kiingereza zinatushinda. Naomba ushauri

MamaMakorora
Assalaam alaykum wapendwa, na wengine habari zenu. Niko Tanga mjini. Kijana wangu yuko darasa la nne na upimaji wa taifa ndio huo unakuja. Kila jioni tukifungua daftari la kazi za nyumbani ni machozi. Hisabati anakosa, Kiingereza anakosa. Sehemu ndiyo kabisa: ½ + ⅓ anaandika 2/5, ukimwambia sivyo ananuna. Naomba njia rahisi ya kumfundisha sehemu, na kama kuna anayemfahamu mwalimu mzuri wa tuisheni ya jioni anielekeze. Moyo hautulii jamani.

Mzee wa Mgandini
Pole mama. Chukua karatasi mbili zinazolingana. Moja ikunje vipande viwili sawa, nyingine vitatu. Weka nusu na theluthi mezani, muulize kama zinalingana. Hazilingani, kwa hiyo huwezi kuzihesabu pamoja. Sasa kila karatasi ikunje tena mpaka iwe na vipande 6. Nusu imekuwa 3/6, theluthi imekuwa 2/6, jumla 5/6. Hiyo 6 ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 2 na 3, na sasa ameiona kwa macho kabla ya kuikariri. Halafu muulize swali moja: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, inakuwaje umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukaishia chini ya nusu? Mwache afikiri, usimjibie. Anayejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (za chini) anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini. Hajaiona kama namba moja.

BintiPangani
Mimi niseme ya Kiingereza, maana hisabati mwenzangu kamaliza. Watoto wetu hukwama pale pale: "She go to school", na wakisharekebishwa wanaandika "She does not goes". Mfundishe kwamba herufi s ni moja tu. Ikishakaa kwenye "does", kwenye kitenzi inatoka. Ni kama "did": ikishatokea, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo, "did not go", wala si "did not went". Fanyeni kwa mdomo kwanza, sentensi tano, kila moja kwa kukubali, kukataa na kuuliza. Kalamu ije baadaye. Na "he" na "she" usimgombeze akizichanganya, sisi "yeye" yetu haichagui mume wala mke. Weka picha za watu, aonyeshe kwa kidole huku anasema.

Kalamu Nyekundu
Dada MamaMakorora, kabla ya kutafuta mwalimu, tuwekee maswali matatu manne aliyokosa, pamoja na majibu yake kama alivyoyaandika. Usiyasahihishe. Na utuambie anasomeshwa kwa lugha gani.

MamaMakorora
Lugha sidhani kama inahusika, hesabu ni hesabu. Haya, nakopi kwenye daftari:

403 − 178 = 375
520 − 246 = 326
Asha has 24 mangoes. Juma has 15 mangoes. How many more mangoes does Asha have than Juma? Kaandika 39.
A farmer had 60 oranges. He sold 25. How many are left? Hili kaliacha wazi. Nilipomuuliza kasema hajui ni kushoto kwa nini.

Kalamu Nyekundu
Sasa lugha imejitokeza yenyewe. Mtoto aliyejifunza "left" kuwa upande wa kushoto anasoma swali la machungwa na kutafuta upande, kumbe hapo maana yake ni yaliyobaki. Na "more" anaijua ni zaidi, kwa hiyo anajumlisha. Alianza lini kusoma hisabati kwa Kiingereza?

MamaMakorora
Mwaka huu, Januari. Mpaka la tatu alikuwa shule ya serikali, kwa Kiswahili, na hisabati alikuwa mzuri tu. Tukamhamishia shule ya Kiingereza. Msiniseme, ni uamuzi wa familia na ada imeshalipwa. Watoto wa majirani wote wako huko, mimi nimwache wangu nyuma?

Mgosi wa Usambara
Hakuna anayekusema, ila jambo hili ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Mtoto anabeba vitu viwili kwa wakati mmoja, hesabu na lugha. Mwambie asome swali la Kiingereza, kisha afunike kitabu akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea: nani ana nini, kimeongezeka au kimepungua, kinachoulizwa ni kipi. Akishindwa kusimulia, shida si hesabu. Akisimulia vizuri na bado akakosa, hapo ndipo ufundishe hesabu.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya darasa la nne unavisoma bure, cha hisabati kwa Kiswahili na kile cha shule za Kiingereza. Fungua vyote viwili kwenye mada anayosoma wiki hii. Aanze na cha Kiswahili.

BintiPangani
Naongeza hapo. Usimpe orodha kwamba neno fulani maana yake jumlisha, fulani maana yake toa. Walimu wengi wanaifundisha na inawaponza watoto. Angalia hili: "Juma has 15 mangoes. He has 9 fewer than Asha. How many does Asha have?" Anayewinda maneno anaona "fewer", anatoa, anapata 6. Jibu ni 24. Achore mistari miwili, mmoja wa Juma na mwingine wa Asha, aone upi mrefu. Mchoro hauna kushoto wala zaidi.

MamaMakorora
Nashukuru. Ila tuisheni nimeshaianza, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni mpaka saa moja. Ndiyo maana chuo cha Qur'ani nimemsimamisha kwa muda. Atarudi akimaliza upimaji.

Ustadhi wa Ngamiani
Bibie, mtoto kutolewa chuo kwa ajili ya sehemu na desimali? Sikukemei, nakusihi. Chuoni anakaa anasoma kwa sauti, anasahihishwa neno kwa neno, anarudia mpaka inyooke. Akili hiyo hiyo ndiyo anayoihitaji kwenye Kiingereza. Umemwondolea kitu anachokiweza, ukamwachia vile anavyoshindwa tu. Mtoto wa umri huo anahitaji mahali anapojiona anaweza.

MamaMakorora
Ustadhi, nakuheshimu, lakini siku ina saa zake. Shule, chuo, tuisheni, kazi za nyumbani, alale saa ngapi? Nimechagua.

Jicho Kavu
Samahani wana uzi. Mimi simwamini huyu. Alianza na sehemu, ikaja lugha, sasa tuisheni na chuo. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Na hayo makosa yamepangika mno. Mtoto wa kweli hukosea ovyo, leo hivi kesho vile. Hizi 375 na 326 zimeandikwa na mtu mzima anayejua anachofanya. Hamtachelewa kuona namba ya simu ya mwalimu wa tuisheni hapa.

MamaMakorora
Wallahi sina biashara yoyote. Nimenakili daftari kama nilivyoombwa. Kama nimekosea kuja hapa semeni nifunge.

Kalamu Nyekundu
Usifunge. Jicho Kavu, kupangika kwa makosa hayo ndiko kunakonifanya nimwamini. Hebu yatazameni. Kwenye 403 − 178 mtoto ameingia kila safu, akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Mamoja 3 na 8, kaandika 5. Makumi 0 na 7, kaandika 7. Mamia 4 na 1, kaandika 3. Ndiyo 375. Fanya vivyo hivyo kwa 520 − 246 utapata 326 yake. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi juu ya makosa ya aina hii hasa: mtoto mara nyingi hakosei ovyo, anafuata kwa uaminifu kanuni mbovu aliyojitengenezea. Ndiyo maana tuisheni ya muda wa saa tatu kila siku inaweza isimsaidie. Ukimpa maswali 40 anaifanyia mazoezi kanuni ile ile mbovu mara 40.

Mama, fanya hivi. Kata vikaratasi, vingine andika 100, vingine 10, vingine 1. Mpe 403: vinne vya 100 na vitatu vya 1. Wewe shika vilivyobaki, uwe benki. Mwambie akulipe 178, aanze na mamoja. Vya 1 havitoshi kulipa 8, na vya 10 hana hata kimoja. Itabidi achenji kimoja cha 100 apate kumi za 10, kisha achenji 10 moja apate kumi za 1. Sasa mbele yake kuna 3, 9 na 13. Alipe: inabaki 225. Kila anapochenji aandike badiliko kwenye daftari hapo hapo, akate 4 aandike 3, juu ya 0 aandike 9, mamoja yawe 13. Mwisho ajumlishe 225 na 178, irudi 403.

Dakika 20 zinatosha, maswali matatu. Chuo kina nafasi yake hapo.

Jicho Kavu
Nimeyapiga mwenyewe kwenye karatasi, yanatoka vile vile. Dada, niwie radhi.

MamaMakorora
Yameisha. Tuisheni nimelipia mpaka mwisho wa mwezi na hela hairudi, nitamwomba mwalimu tupunguze ziwe siku mbili. La chuo nitazungumza na baba yake. Vikaratasi nitajuaje vimemwingia na si kukariri 403 tu?

Kalamu Nyekundu
Baada ya siku mbili mpe 602 − 347 bila vikaratasi. Akiandika 345, bado anatoa ndogo kwenye kubwa, rudini benki. Akiandika 355, ameigeuza 0 kuwa 9 lakini amesahau kuipunguza 6 iwe 5, kwa hiyo achenji tena mia moja tu, polepole. Akiandika 255, mpe swali hilo hilo kwa maneno ya Kiingereza, kwanza lenye "left", kisha lenye "how many more".