Tupeane uzoefu: mlioishi na kiwewe, mwili ulianza kuwaonyesha nini?

Wakuu habari za saa hizi, naanza mimi. 2016 basi letu lilipinduka usiku, nikatoka na mikwaruzo tu, watu wakasema Mungu mkubwa na kweli. Shida ikaja kama mwezi baadaye, nikisikia harufu ya dizeli moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, masikio yanaziba, na hapo nimekaa zangu sebuleni, jirani ndo kawasha jenereta. Usingizi ukakata. Tumbo likawa linauma, nikapima vidonda vya tumbo hamna kitu. Nyumbani wakasema jini, shekhe akanisomea ila akaniambia nenda na hospitali pia, namshukuru sana yule mzee. Daktari akanielewesha kwamba ndani ya ubongo kuna kasehemu kadogo kama punje ya lozi, amigdala, kazi yake kupiga king'ora cha hatari na kanakipiga kabla hujafikiri chochote, adrenalini, ile homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, inamwagika, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi. Kwangu dizeli na kifo vilishaunganishwa. Nililia pale pale, maana miaka miwili nilijiona mwoga.

Jibu 1: Pole sana ndugu yangu. Mimi ni wa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa kazini karibu na ubalozi wa Marekani. Kulisikika mlipuko mdogo kwanza, watu wakakimbilia dirishani kuangalia, halafu ndio bomu lenyewe likalipuka, wengi walipoteza macho kwa vile vioo. Mimi nilikuwa nimeinama natoa faili kwa droo ya chini. Mpaka wa leo siketi karibu na dirisha, na kelele ikitokea wenzangu wakienda kuchungulia mimi najikuta niko chini ya meza, sijaamua, nimejikuta tu. Agosti ikikaribia taya zinauma, kumbe nasaga meno usingizini.

Jibu 2: Mimi niliganda jamani. Walituvamia usiku sikupiga kelele, mpaka leo mashemeji wananiuliza mbona ulinyamaza. Sura za waliotuvamia sizikumbuki kabisa, nakumbuka soli ya kiatu kimoja ina matope mekundu. Mshauri ndo aliniambia kuganda ni kinga ya mwili kama kukimbia au kupigana, na hofu kali inavuruga jinsi ubongo unavyotunza kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kabla.

Mleta mada: Dada pole, hukukosea kitu. Mimi kilichonisaidia ni mshauri kila wiki na kurudia basi kidogo kidogo, siku za kwanza nilikuwa naenda kusimama stendi tu dakika kumi narudi nyumbani. Wengine, hasa wanaume mnaokaa kimya, nyie ilikuwaje?