Eti Game Boy Light yangu ni "Pocket iliyonenepa"!!! Huyu jamaa ananitafuta nini?

Mawe_Mawili (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, mimi si mzima. Herufi zikikosewa mnisamehe, nabonyeza simu kama nachimba kisima.

Mnamjua. Simtaji, hana hadhi ya kutajwa. Yule anayekohoa kwanza ndo anakukosoa, kila sentensi inaanza na "kitaalamu". Sasa jana tumekaa wakusanyaji wa magemu ya zamani ya mkononi kama kumi hivi, kila mtu kaweka vya kwake mezani, na mimi nikatoa Game Boy Light yangu, ile ya rangi ya dhahabu, nimeilaza ndani ya soksi mpya ambayo haijawahi kuona mguu wa mtu, mimi mwenyewe sina soksi nzuri hivyo. Jamaa akaiokota kwa vidole viwili. VIWILI. Kama anatoa panya kwenye ndoo ya maji. Akaigeuza, akaipima pima mkononi, akakohoa, akasema mbele ya watu wote na mbele ya mdogo wangu ambaye njia nzima nilikuwa namwambia leo utaona wenye akili wanavyomheshimu kaka yako: "Kitaalamu, hii ni Pocket iliyonenepa."

Pocket. Iliyonenepa.

Watu wakacheka mpaka meza ikatikisika. Mdogo wangu naye akacheka, na huyo nitamshughulikia nyumbani.

Jamani Pocket ni Game Boy ndogo tu isiyo na taa. Light imetoka 1998 na ikauzwa Japani tu, Japani TU, mwezi wa nne, halafu mwezi wa kumi mwaka huohuo Game Boy Color ikaingia na rangi zake, nani tena angehangaika na Light? Ndo Game Boy ya kwanza kuwa na taa yake ndani, wengine wote mlikuwa mnacheza chini ya balbu shingo imepinda kama mnatafuta sindano iliyopotea. Mpaka mje muone taa tena ni Game Boy Advance SP, 2003. Sasa mtu ana kitu kama hicho mkononi anasema POCKET.

Nikamwambia mkuu soma nyuma, imeandikwa MGB-101, Pocket ni MGB-001. Mnajua kajibu nini? Kakohoa. Eti "101 ni SP hiyo, umebandika stika." SP 101 ni AGS-101, we mzee, AGS! Yaani kwa dakika mbili kifaa changu kimekuwa Pocket, kimenenepa, na kimevaa stika ya SP, kilibakiza kuitwa redio.

Na yeye kaja na nini? PSP Street ya Sony! Ile E1000 isiyo na WiFi, spika moja, anaiita adimu eti kwa sababu Marekani haikuuzwa. Kutouzwa mahali si uadimu, hata mimi Marekani siuzwi.

Iliyonenepa. Sijalala.

Kaseti_Moja
Nimemjua tangu "anakohoa kwanza" 😂😂

BisibisiYaPembeTatu
Huyohuyo ndo aliniambia Game Boy Micro yangu ni rimoti ya geti. Nilinyamaza nikamwachia Mungu.

Mzee wa Vibonyezo
Mleta uzi swali dogo tu. Uliiwasha taa?

Mawe_Mawili
Swali gani hilo. Nazungumzia heshima hapa.

Mzee wa Vibonyezo
Ndo maana nauliza, maana mabishano yote hayo yanaisha kwa kuwasha taa. Light inawaka kibluu-kijani, Pocket haiwaki kitu. Uliiwasha au hukuiwasha?

Kaseti_Moja
Nasogeza kiti karibu

Mawe_Mawili
Sikuwa na betri, sawa? Mkusanyaji gani anaacha betri ndani zivuje zikale vyuma? Naziweka mbali, ndo kanuni. Na hapo hamjasikia bado. Jamaa akafungua kifuniko nyuma, akatoa betri zake kwenye mkoba, AAA, akaziweka mbili. Sasa Light inakula AA mbili, Pocket ndo inakula AAA mbili, kwa hiyo zikawa zinagongana humo ndani ko ko ko. Mtu mwenye akili hapo anasema "aah kumbe si Pocket, samahani kaka." Yeye akaitikisa sikioni, akawageukia watu, akasema "mnaona? Imenenepa mpaka betri zinapwaya."

IMENENEPA MPAKA BETRI ZINAPWAYA. Hapo ndo meza ilitikisika mara ya pili.

Kidole_Gumba
Samahani mkuu lakini hiyo ni kali 😂😂😂 nimeshindwa kujizuia, nipo kazini watu wananiangalia

BisibisiYaPembeTatu
Imebidi nimsomee wife. Kasema jamaa ana point.

Sola
Mimi niseme ukweli japo utaumia. Light ni adimu KWAKO. Japani ndiko zilikouzwa, na kule ndiko zilikojaa, wala hawazimii wakiziona. Watu wa humu mnachanganya "haikufika huku kwetu" na "zipo chache duniani". Adimu ni kigemu cha Gizmondo. Ilitoka 2005, haikufikisha hata 25,000 zilizouzwa, mwanzoni mwa 2006 kampuni imefilisika, na mmoja wa wakubwa wao akapasua Ferrari Enzo vipande viwili kwenye nguzo. Hiyo ndo hadithi. Wewe unatuletea soksi.

Mawe_Mawili
Sola, kuuza kidogo kwa sababu hakuna aliyetaka si uadimu, ni kususiwa. Hata deni langu ni adimu kwa hesabu hiyo, hakuna anayelitaka. Na soksi iache.

Sola
Kwa hiyo Micro nayo ilisusiwa? Imeuza milioni 2 na kitu tu, na leo mnaigombania kama maji ya kisima kiangazi.

Kaseti_Moja
Micro ni nzuri ila haichezi kaseti za Game Boy ya kwanza wala za Color, inataka za Advance tu. Ukubwa wake unatosha kupotea kwenye mfuko wa shati.

BisibisiYaPembeTatu
Rimoti ya geti 😭

Mkaanga Waya
Naona mmetaja SP 101, ile yenye taa ya nyuma ya kioo, na mimi nitoe langu maana limenikaa kooni. Kuna muuzaji, simtaji na mimi, kanihakikishia ni 101, kanitumia picha ya stika, nimelipa, kimefika. Nikabonyeza kile kitufe cha taa katikati chini ya kioo. Taa ikazima. IKAZIMA! 101 ya kweli ukibonyeza haizimi, inatoka mwanga mwingi kwenda mwingi zaidi. Inayozima ni 001, SP ya mwanzo yenye taa ya mbele. Nikafungua, ganda la nje jipya, stika imechapwa, skrubu za nyota ya kawaida badala ya zile za miguu mitatu. Nimemuuliza, kanijibu "boss ila si inawaka?"

Kidole_Gumba
"Ila si inawaka" 😂😂 huyo ni ndugu yake na mzee wa kitaalamu

Mawe_Mawili
Mkaanga pole sana lakini wewe umeibiwa kimyakimya, mimi nimetukanwa mbele ya watu, ni vitu viwili tofauti. Tusitoke kwenye mada. Iliyonenepa.

Mkaanga Waya
Angalau yako ni ya kweli bana. Mimi nimenunua ganda.

Mzee wa Vibonyezo
Game Gear ya Sega ndo baba lao. Inameza AA sita kwa kikao kimoja halafu inakuuliza kuna nyingine. Na karibu zote za zamani leo ukiikuta haitoi sauti au kioo kimefifia, jua ni kapasita tu zimechoka. Kwa hiyo Game Gear ambayo haijawahi kufunguliwa na bado inapiga sauti vizuri, hiyo mniitie. Uadimu hesabu zinazofanya kazi, si zilizotengenezwa.

Sola
Hapo umesema la maana la kwanza kwenye uzi huu.

Upande_wa_Taco
Nyie mmesahau N-Gage, simu ya gemu ya Nokia. 2003. Kubadilisha gemu mpaka utoe betri, kupiga simu unaiweka ubavu ubavu kama umeegesha taco, ule mkate wa Kimexico uliokunjwa, sikioni. Nimeitumia miaka, nimedharauliwa kwenye kila kundi la watu nililopita, na sijafungua uzi.

Kidole_Gumba
Umefungua sasa hivi ndani ya uzi wa mwenzio

Upande_wa_Taco
Kwa sababu inaniuma!! Ile ilikuwa simu, ilikuwa na Bluetooth ya kuchezea na mwenzako, ilikuwa mbele ya wakati wake

Kaseti_Moja
Ilikuwa pembeni ya wakati wake. Ubavu.

Mzee wa Vibonyezo
WonderSwan, gemu ya mkononi ya Bandai, inakwenda kwa betri MOJA ya AA na ni kazi ya yuleyule Gunpei Yokoi aliyetuletea Game Boy, ikatoka 1999 yeye ameshafariki. Japani tu na yenyewe. Mbona mwenye WonderSwan halii humu?

Mawe_Mawili
Kwa sababu hakuna aliyemwambia imenenepa!

Wakuu hebu kwanza. Nimeitoa kwenye soksi nitie betri zangu AA nipige picha taa inawaka, niwanyamazishe wote. Kifuniko cha betri hakipo. Jana nilivyokasirika nikainyakua nikaichomeka kwenye soksi nikaondoka, kumbe kifuniko alikuwa bado amekishika yule jamaa. Cha Pocket hakiingii, kidogo. Kuna mtu ana cha akiba?

BisibisiYaPembeTatu
Cha Pocket hakiingii?

Mawe_Mawili
Ndiyo, si nimesema, ni kidogo.

BisibisiYaPembeTatu
Kwa hiyo imenenepa.

Kidole_Gumba
😂😂😂😂 nimetoka nje ya ofisi

Mawe_Mawili
Naomba namba ya jamaa basi, aliye nayo anitumie inboksi. Siendi kugombana. Nataka kifuniko tu.

Upande_wa_Taco
Na mtu asiniambie QD haikurekebisha. N-Gage QD ya 2004, kaseti unachomeka chini bila kutoa betri, simu unaishika kama mtu wa kawaida. Nani ana QD hapa?

Mkaanga Waya
Mimi ninayo, ila mpaka nifungue nione ndani ndo nitaamini.

Sola
QD walitoa MP3 na redio. Ya kwanza ni bora.

Upande_wa_Taco
Sola toka nje tuongee