Friji imeandikwa 230V 1.2A, wati zake nazipataje?

Muuza_Maji: Wakuu habari za mchana, nipo Mbagala nina kafremu ka soda na maji, nimenunua friji ya mtumba nyuma imeandikwa 230V na 1.2A basi, wati hakuna. LUKU tunachangia na fundi cherehani wa mlango wa pili, anadai friji yangu ndo inamaliza umeme wakati yeye anapiga pasi kutwa. Msaada.

Kijana wa Temeke: Volti zidisha kwa ampea. 230 × 1.2 = 276. Kwisha.

fundi_waya: Sio kwisha mkuu. Friji ina mota, hiyo 276 ni VA (volti mara ampea tu), wati zenyewe zinapungua kwa sababu ya pawa fakta, yaani sehemu ya hiyo VA inayofanya kazi kweli, tuseme ni 0.8 unapata kama wati 220. Pasi haina hayo mambo, ni koili ya moto tu, volti mara ampea ndo wati zake.
Alafu wati pekee hazimalizi ugomvi, LUKU inahesabu na muda, uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, na kompresa haiwaki muda wote. Ikifanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku ni uniti 2.2 hivi. Pasi yake ina ampea ngapi?

Muuza_Maji: Nimechungulia, 4.5A 😂

fundi_waya: Wati 1035 hiyo, kila saa ikiwa inachemka imekula uniti nzima. Ila na wewe friji usiibane ukutani, na joto hili la Dar kompresa haitapumzika