Majani ya ngombe: shamba ya kikundi ama kila mutu kwake?

Ngombe_Kabare: Bandugu bafugaji, mambo? Tuko na kikundi huku Kabare (Kivu ya Kusini, Kongo), agronomu (mutaalamu wa kilimo) alitufundisha kupanda majani, tukaweka shamba moja ya wote, mabingobingo (majani ya tembo) na tripsakum (majani ya Guatemala). Sasa kukata kila mutu anakuja, kupalilia hakuna mutu, na banakata ikiwa haijafika hata magoti. Juni imeingia, mvua imekatika, imebakia mashina tu. Tugawane ama tuache?

Papa_Walungu: Mugawane, mama. Sisi ile ya wote tuliifanya pepinyeri (kitalu), unachukua vipande unaenda kupanda kwako. Na haiombi shamba ingine, unapanda mistari ya kukingama mulima, pembeni ya fose za erozi (mifereji ya kuzuia udongo usibebwe na maji), maharagi haiguswi na udongo haiteremuke ku muto. Mabingobingo iache ifike mita 1 hivi njo ukate, na ubakishe shina ya sentimeta 10 ama 15, ukiikata ya chini kabisa inachoka. Mavi ya ngombe irudishe hapo hapo, bantu banaipeleka yote ku maharagi kisha banalalamika majani haikomae. Tripsakum haina nguvu sana ku maziwa lakini kiangazi itakuokoa, inabakia kijani.

Yaya_Kadutu: Ongezeni na kaliandra (muti mudogo wa kulisha ngombe majani yake), mbegu unailoweka usiku muzima mbele ya kupanda. Kilo 3 za majani mabichi inakaribia kilo 1 ya chakula ya kununua, lakini uwape palepale, ikinyauka tu hawaitaki sana. Isipite theluthi ya chakula yote. Na muongee na shefu juu ya mbuzi za kuzurura, kisha mavuno banaziachilia na miti midogo inaisha siku moja. Halafu ku formasio (mafunzo) banaita babaume tu, kukata majani ni sisi, mutuite na sisi basi!!

Ngombe_Kabare: Asanti sana, na ile ya formasio ni kweli kabisa. Ila wengi wetu tunakodi shamba, mwenye udongo akiona mti anasema unataka kumunyanganya.

Papa_Walungu: Kwa wa kukodi anza na majani tu, kaliandra iweke pembeni ya nyumba. Mukubaliane na mwenye shamba mbele ya shefu: majani ya ngombe ni yako, fose na udongo ni vyake. Kwetu wengi balikubali kisha kuona fose imeshika udongo wakati wa mvua kali.