"Ni ya Windows hiyo, usiiguse": mafundi, jibu hili limenitia hasara na nataka mnijibu hapa

Asalaam alaykum wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha.

Nina kijiduka cha kutoa kopi, kuprinti na kujazia watu fomu hapa Wete, Pemba. Kompyuta ni moja tu, na ndiyo inayosomesha wanangu. Windows 10 ilipofika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, fundi mmoja wa Chake Chake (simtaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua) akaniambia, "Dada, hiyo imeshakufa, lete nikupigie 11." Nikapanda gari na mashine mapajani, nikamlipa 30,000, nikarudi na furaha zangu. Hakuniambia kuwa Windows aliyonipigia imekrakiwa, yaani haina leseni halali, wala kuwa ili ikubali amepitisha aktiveta, kijiprogramu cha kuidanganya Windows kuwa imelipiwa, aliyoitoa anakojua yeye.

Wiki ya pili feni ikaanza kulia. Nazijua kelele za mashine yangu, hii haikuwa ile ya kufungua mafaili mengi. Ilikuwa kama cherehani inayoshona turubai, tangu nawasha saa mbili asubuhi mpaka nafunga. Ukiweka kiganja pale hewa inapotokea, unakitoa mwenyewe. Mteja anataka karatasi moja ya barua, tunasimama sote tunaitazama skrini imeganda, mwishowe ananiaga kwa adabu anakwenda duka la pili. Uniti za umeme wa Tukuza zikawa zinaniishia siku mbili kabla ya nilivyozoea.

Nikampigia. Nikamsomea jina la kitu nilichokiona kinakula prosesa: svchost.exe. Akanijibu pale pale, bila hata kuuliza kimekaa folda gani: "Ni ya Windows hiyo, usiiguse, utaiua mashine." Nilipompigia mara ya pili akaniambia ninunue RAM. Jamani! Ninunue RAM!

Kinachoniuma ni kuwa jibu lake lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonifunga mikono mwezi mzima. Svchost kweli ni ya Windows. Huwa zinatembea nyingi kwa pamoja, kila moja imebeba huduma yake au kikundi cha huduma, na ukizima isiyo sahihi unaweza kukosa mtandao au sauti. Kwa sababu hiyo hiyo anayetaka kujificha huazima jina hilo. Fundi anayejiita fundi anajua hivyo, au alipaswa kujua kabla hajapokea pesa ya mtu.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anasoma Unguja, alikuja mapumziko. Akakaa, hakugusa kitu. Akasema, "Mamdogo, hebu sikiliza feni." Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc, Task Manager ikafunguka, lile dirisha linaloonesha programu zinazotembea na zinakula kiasi gani. Prosesa ikaonesha asilimia 96 kwa kupepesa jicho, ikashuka mpaka 5, na feni ikanyamaza. Akaifunga. Haikupita dakika, cherehani ile imerudi. Tukarudia mara tatu, mara tatu zote vile vile. Akaniambia, kazi halali ya Windows haina sababu ya kujificha ukiifungulia Task Manager. Mwili ulinisisimka.

Kitu chenyewe kilikuwa kimetulia tu, hakikuondoka. Akaenda sehemu ya Details, akabofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, akaongeza safu ya Image path name, ile inayoonesha kila programu imekaa wapi kwenye diski. Svchost zote zimo C:\Windows\System32. Moja tu, peke yake, imekaa ndani ya AppData, kwenye folda ya jina langu mimi. Ukishaiona hivyo huhitaji cheti cha kompyuta kujua kuwa huyu ni mgeni. Na angepigiwa simu fundi akaulizwa "iko folda gani?", ingemchukua dakika mbili.

Tukatazama sahihi ya kidijitali, ile inayothibitisha nani ametoa faili, kwenye Properties zake: hakuna. (Hapa muwe waangalifu, sahihi kutoonekana hapo peke yake si hukumu. Yapo mafaili halali ya Windows ambayo sahihi zao zimewekwa kwenye katalogi ya mfumo, si ndani ya faili lenyewe. Ni kukosa sahihi pamoja na kukaa pasipo pake ndiko kulikotuthibitishia.) Akalipandisha faili kwenye VirusTotal, ambako linapimwa na antivirasi nyingi kwa mpigo. Nyingi zikapiga kelele: mchimbaji wa sarafu. Yaani kompyuta yangu ilikuwa inafanyishwa hesabu za kumzalishia Monero, sarafu ya mtandaoni, mtu nisiyemjua, kwa umeme ninaonunua mimi. Na msije mkapandisha huko nyaraka za wateja, kinachopandishwa hugawiwa kwa kampuni nyingine za usalama.

Kukizima nako kulikuwa kazi. Mimi mwanzo nilikuwa nakwenda End task, kinarudi, End task, kinarudi, nikadhani nimerogwa. Kumbe kwenye Task Scheduler, pale Windows inapopangiwa kazi za kujiendesha zenyewe, kulikuwa na kazi iliyojipa jina kama la sasisho la brauza, inakiamsha kila ninapoingia na kila baada ya dakika chache. Mtoto akaizima ile kazi kwanza, hakuifuta, kwa sababu ukizima kitu kimakosa unakiwasha tena. Kisha akaua programu. Kisha akashusha Autoruns, programu inayoorodhesha vyote vinavyojiwasha vyenyewe, kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, akaficha vilivyo vya Microsoft, akakagua vilivyobaki kimoja kimoja na kuondoa tiki kwenye kilichohusika.

Halafu akafungua Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, akaenda kwenye orodha ya vilivyosamehewa kukaguliwa. Pameandikwa C:\

Basi. Diski nzima. Antivirasi hiyo ilikuwa inafanya kazi, alama ya kijani inanionesha kila siku kuwa niko salama, na imeambiwa isitazame popote ilipo mali yangu. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Awe ni fundi aliyeandika kwa mkono wake au ni aktiveta yake iliyoandika, mimi sijali, mashine ilitoka kwake hivyo.

Na feni na umeme si kitu mbele ya hili. Kwenye kompyuta ile vimepita vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, vitambulisho vya Mzanzibari, fomu za mikopo ya wanafunzi, na watu wamefungua baruapepe zao mbele yangu kwa kuniamini. Sina ushahidi kuwa kuna nywila iliyoibiwa. Lakini anayeingiza mchimbaji anaweza kuingiza na mwizi wa nywila kwa mlango huo huo, na mlango ulikuwa wazi mwezi mzima. Nimewapigia wateja 23, mmoja mmoja, kuwaomba wabadilishe nywila kwa kutumia simu zao. Mmoja ni mwalimu wangu wa skuli ya msingi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe umekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mafundi mliomo humu, msiniletee habari za "kila mtu anatumia kraki". Nataka mniambie: kwa nini mteja haambiwi kabla? Kwa nini unamfungia mtu antivirasi yake na humwambii? Na anayekupigia na kukusomea jina la faili, kwa nini humuulizi lilipo?

NYONGEZA, jioni: Nashukuru kwa mliojibu. Kwa aliyesema nimpe fundi nafasi ya kurekebisha, nilimpa mara mbili, akataka kuniuzia RAM. Kwa aliyeuliza kama nimeridhika baada ya kukifuta: hapana. Tuliondoa msamaha ule wa diski, tukapitisha ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ule unaowasha mashine upya, ukakamata mafaili mengine mawili. Baada ya hapo sikuweza kuiamini tena. Nimehifadhi nyaraka tu, bila programu hata moja, na mtoto ameipiga upya kwa Windows iliyoshushwa Microsoft. Haijaamilishwa, pembeni mwa skrini kuna maandishi ya kunikumbusha nilipie. Yakae hapo mpaka nipate pesa ya leseni.

Kwa bwana aliyeniandikia pembeni akisema nifute uzi kwa sababu "unaharibu biashara za watu": siufuti. Risiti ya 30,000 ninayo, picha ya ile C:\ ninayo, na namba yangu ya simu fundi anayo.